Kichwa Kinawasha, Mba Haiishi, Nywele Zinapungua: Mwongozo Kamili wa Kutambua na Kutibu

Kichwa kikianza kuwasha, wengi wetu tunakimbilia chupa ya mafuta. Unagawa nywele mistari, unapaka ngozi mpaka inang'aa, magamba meupe yanapotea machoni, na kwa siku mbili unaamini umepona. Kisha muwasho unarudi, magamba sasa ni mapana zaidi, yana unjano na yananata. Unakwenda saluni, msusi anasema kichwa chako ni kikavu, anaongeza mafuta, anakusuka mistari midogo iliyobana ili nywele "zipumzike". Unapofumua baada ya miezi miwili, panja zimerudi nyuma.

Mwongozo huu unafuata njia ya kinyume. Ngozi ya kichwa ni ngozi kama ya mkono au ya uso. Ikitoa magamba inaumwa kitu fulani, na kitu hicho hutambuliwa kwanza, kikaoshwa na kutibiwa, ndipo habari ya kusuka ifuate. Ukianza na mafuta na misuko unafunika jambo ambalo wakati mwingine halina subira: kuna aina za unyonyokaji ambazo mizizi ikishakufa nywele hazioti tena, hata utumie nini.

Hatua ya kwanza: kiangalie kichwa chenyewe

Fumua kila kitu. Osha kwa shampuu ya kawaida, usipake mafuta wala jeli, kaa hivyo siku mbili au tatu. Magamba yakirudi utayaona yalivyo, bila mafuta kuyageuza sura. Kisha kaa penye mwanga wa mchana, mwombe mtu unayemwamini agawe nywele sehemu kwa sehemu na apige picha kwa simu: mbele kwenye paji, panja zote mbili, utosi, nyuma ya masikio, kisogo. Picha hizi zihifadhi. Baada ya miezi mitatu kumbukumbu yako itakudanganya, picha hazitakudanganya.

Sasa chukua nywele zilizobaki kwenye kitana. Ukiona kipande kifupi kisicho na kitu mwishoni, nywele zinakatika: tatizo liko kwenye unywele wenyewe, na chanzo kwa kawaida ni dawa, rangi, pasi ya moto au ukavu. Ukiona unywele mzima wenye kidoti cheupe mwishoni, umetoka na shina lake, yaani umenyonyoka. Kunyonyoka kidogo ni desturi ya mwili. Kichwa cha mtu mzima kina nywele kama 100,000, na kati ya 50 na 100 hudondoka kila siku. Hapo ndipo wengi hutishika bure. Aliyekaa na rasta wiki sita, nywele zote zilizokufa katika siku hizo 42 zimenaswa ndani ya misuko, hivyo siku ya kufumua anaweza kutoa donge la nywele 2,000 hadi 4,000 na kichwa chake kikawa kizima kabisa.

La mwisho la kutazama ni ngozi ya pale penye upungufu. Ukiona vitundu vidogo vya nywele na vinywele laini vinavyochungulia, mizizi ipo hai. Ukiona ngozi nyororo inayong'aa, isiyo na vitundu, huenda mizizi imeshageuka kovu. Ukiona hilo ruka sehemu nyingine zote, soma ile ya utosi hapa chini, na tafuta daktari wa ngozi mwezi huu huu.

Hatua ya pili: tambua ni nini

Mba ya kawaida ni magamba madogo meupe au ya njano, yaliyotawanyika kichwa kizima, yenye muwasho unaozidi ukitoka jasho. Ikikolea hushuka kwenye nyusi, pembeni ya pua, nyuma ya masikio na hata kifuani. Kwa ngozi nyeusi sehemu hizo mara nyingi hupauka kuliko kuwa nyekundu. Inayohusika ni hamira (kuvu mdogo sana) iitwayo Malasezia, ambayo huishi kwenye kichwa cha kila binadamu na hula mafuta ya ngozi. Kwa baadhi ya watu ngozi huukasirikia uchafu wake na kuanza kujibandua upesi mno. Hapa ndipo ule mtindo wa kupaka mafuta unapogeuka: unamlisha mgeni unayetaka aondoke. Mafuta ya nazi, ya zeituni, ya mbarika, yote ni chakula chake yakiachwa kwenye ngozi.

Ukavu mtupu unafanana na mba lakini magamba yake ni madogo kama unga, hayanati, na huja baada ya kuosha kwa sabuni kali au msimu wa baridi. Wanaoishi Ulaya au Kanada wanaujua vizuri kutokana na hita za ndani. Dar es Salaam na miji mingine ya pwani kuna ndugu yake: maji ya kisima yenye chumvi na chokaa. Ukiosha nywele kwa sabuni ya kipande kwenye maji hayo, sabuni haitoi povu, hugandia kichwani kama utando mweupe. Watu wengi wanaotibu mba mwaka mzima wanatibu sabuni. Jaribu kutumia shampuu na kusuuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua au ya bomba. Utando ukiisha ndani ya wiki mbili, jibu umelipata.

Magamba mazito yenye rangi ya fedha, yaliyojijenga tabaka juu ya tabaka na kuvuka mpaka wa nywele hadi kwenye paji, hasa kama viwiko, magoti au kucha nazo zina alama, huenda ni soriasisi. Hiyo ina matibabu yake ya hospitali.

Vidoti vyeupe vilivyoshika unywele karibu na ngozi na visivyotoka ukivipangusa ni mayai ya chawa. Mba hupeperuka.

Mabaka ya duara yasiyo na nywele kwa mtoto, yenye magamba na nywele zilizovunjika usawa wa ngozi kama vidoti vyeusi, ni mapunye mpaka ithibitike vinginevyo. Mabaka ya duara yaliyo nyororo kabisa, bila magamba wala muwasho, ni jambo lingine: kinga ya mwili imegeuka kushambulia mizizi ya nywele. Mara nyingi huja ghafla, na ghafla hiyo ndiyo inayowafanya watu wamtafute mchawi aliyeokota nywele saluni. Mizizi huwa haijafa, na wenye mabaka machache mara nyingi nywele huota zenyewe ndani ya mwaka. Daktari wa ngozi anaweza kuharakisha kwa sindano ndogo za steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) kwenye mabaka.

Hatua ya tatu: osha kama unatibu

Shampuu ya mba ni dawa, na inashindwa kwa wengi kwa sababu wanaitumia kama sabuni. Kwenye kibandiko soma kiungo, usisome ahadi. Viungo vinavyofanya kazi ni hivi: ketokonazoli ya asilimia 2, selenium sulfidi ya asilimia 2.5, na zinki pirithioni ya asilimia 1. Cha kwanza na cha pili hupatikana duka la dawa. Cha tatu mara nyingi kimo hata katika shampuu za mba za supamaketi. Kama magamba ni mazito, tafuta yenye asidi ya salisiliki ya asilimia 2 au 3, ambayo huyalegeza. Chupa iliyofunguliwa au isiyo na tarehe ya mwisho wa matumizi usinunue, hata mwenye duka akiwa jirani yako.

Namna ya kuosha: lowesha nywele, osha mara ya kwanza kwa shampuu ya kawaida ili kuondoa mafuta na vumbi, maana dawa haipenyi tabaka la grisi. Suuza. Sasa gawa nywele sehemu nne au sita, mimina shampuu ya dawa kwenye ngozi, sugua kwa ncha za vidole. Kucha ziache nje ya habari hii. Halafu ngoja dakika tano. Tano kwa saa, maana bafuni dakika moja huonekana ndefu na wengi husuuza kabla dawa haijafanya lolote. Suuza mpaka maji yatoke safi, kisha kondishena kwenye urefu wa nywele tu, usiipandishe kwenye ngozi. Macho yafumbe, na pete au hereni za fedha zivue kama unatumia selenium, maana huzibadili rangi. Selenium pia isitumike penye vidonda.

Mara ngapi kwa wiki? Maelekezo ya chupa nyingi yanasema mara mbili, na mwenye nywele fupi au zilizonyolewa afuate hivyo. Nywele ndefu za kipilipili zikioshwa hivyo hukauka na kukatika, kwa hiyo mara moja kwa wiki inatosha, mradi isirukwe. Toa wiki nne kabla ya kuhukumu. Ikiwa hakuna nafuu, badili kiungo, usibadili kampuni tu: chupa tatu za makampuni tofauti zenye zinki ni dawa ile ile. Kichwa kikitulia usiache ghafla. Endelea mara moja kila wiki moja au mbili, kwa sababu hamira haifukuziki moja kwa moja na itazaliana tena ukiipa nafasi.

Na mafuta? Sijayapiga marufuku. Paka kwenye nywele zenyewe, hasa ncha, zikiwa bado na unyevu. Ukitaka kulainisha magamba magumu, paka mafuta kidogo kwenye ngozi saa moja kabla ya kuosha, kisha yaondoe yote kwa shampuu. Ni hayo yanayolala kichwani wiki nzima ndiyo yanayoleta balaa.

Aliyesukwa hana kisingizio. Chukua chupa yenye mdomo mwembamba, changanya shampuu ya dawa na maji kiasi, pitisha kwenye mistari, subiri dakika tano, suuza kwa maji mengi. Fanya asubuhi ili mizizi ikauke mchana. Kulala na rasta mbichi, au kufunga mtandio juu ya nywele zenye maji, hufanya kichwa kiwe na joto na unyevu, na muwasho hunawiri. Kila mwanamke aliyewahi kusukwa rasta anaujua mchezo wa kujipiga makofi kichwani mbele za watu. Ni bora kuliko kujichokonoa kwa mkia wa kitana, ambao huchana ngozi na kuingiza vijidudu. Kama muwasho ulianza siku ile ile ya kusukwa, shuku rasta zenyewe: nywele bandia nyingi hupakwa kemikali kiwandani. Safari ijayo ziloweke katika maji yenye siki kidogo, zisuuze, zikaushe juani, ndipo zisukwe.

Mba peke yake ni nadra kumwachia mtu upara. Kukwaruza na uvimbe wa ngozi ndivyo vinavyopunguza nywele, na ngozi ikipoa huota tena.

Mapunye ya watoto hayaponi kwa krimu

Hapa nitasema kwa mkazo kwa sababu nyumba nyingi hupoteza miezi. Fangasi wa mapunye hukaa ndani ya unywele na shina lake, na krimu inayopakwa juu haimfikii. Mtoto anahitaji dawa ya kunywa. Griseofulvini ndiyo ya siku nyingi, hutolewa kwa uzito wa mtoto kwa wiki sita hadi nane, na hufyonzwa vizuri ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Terbinafini hutumika kwa muda mfupi zaidi. Kipimo kitolewe na tabibu, na mama mjamzito asitumie griseofulvini. Vidonge vya ketokonazoli, tofauti na shampuu yake, vina hatari kwa ini. Tangu 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani ziliweka vizuizi vikali juu yake, kwa hiyo mtu akikupa hivyo kwa mapunye uliza maswali.

Kosa linalofanyika zaidi dukani ni kununua krimu za mchanganyiko: tyubu moja yenye dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali. Muwasho unapungua ndani ya siku tatu kwa sababu steroidi imeizima kinga, wakati fangasi anaendelea kutambaa chini kwa chini. Mabaka yakirudi huwa hayana sura ya kawaida na hata tabibu hupata kazi kuyatambua.

Wakati mtoto anameza dawa, mwoshe kwa shampuu ya ketokonazoli au selenium mara mbili kwa wiki ili asiwaambukize wenzake, na waliomo nyumbani waangaliwe vichwa. Vitana, kofia, taulo na mito visishirikiwe. Shule nyingi za serikali Tanzania hutaka watoto wawe na nywele fupi, jambo linalowaepusha wasichana na misuko inayobana, lakini mashine moja ya kinyozi inayopita vichwa arobaini siku ya Jumapili bila kusafishwa hueneza mapunye kuliko kitu kingine chochote. Nunua mashine ya nyumbani ukiweza, au hakikisha kinyozi anaisafisha kwa spiriti mbele yako. Mtoto aliyeanza dawa hana haja ya kukatishwa masomo.

Uvimbe laini unaotoa usaha kichwani mwa mtoto mwenye mapunye usipasuliwe kama jipu. Ni mwili unaopambana na fangasi. Unatibiwa kwa vidonge vile vile, na ukicheleweshwa huacha kovu lisiloota nywele.

Mtoto mchanga mwenye ukoko wa njano utosini ni habari nyepesi. Lainisha kwa mafuta kidogo, osha kwa shampuu ya watoto, pitisha kitambaa laini. Huisha wenyewe katika miezi ya mwanzo.

Nywele za mbele: misuko na uzito

Mwaka 2007 daktari wa ngozi Nonhlanhla Khumalo na wenzake walichapisha utafiti wa Cape Town: karibu theluthi moja ya wanawake watu wazima waliochunguzwa walikuwa na upungufu wa nywele unaotokana na kuvutwa. Sioni sababu ya kuamini kwamba Kariakoo au Nairobi ni tofauti. Hatari ilizidi kwa waliosuka au kushonea juu ya nywele zilizotiwa dawa.

Dalili huanza mapema na tunazizoea. Msuko unaouma usiku wa kwanza hata ukameza kidonge ili ulale umebana mno. Vipele kwenye mashina ya nywele za paji siku ya pili ni onyo lenyewe. Ukisubiri, nywele za paji na panja zinapukutika na kubaki mstari mwembamba wa vinywele mbele kabisa, vile tunavyovilaza kwa jeli na mswaki. Katika hatua hiyo ukiacha kuvuta, nyingi hurudi. Ukiendelea miaka, mizizi hufa.

Mwambie msusi kabla hajaanza: mistari mikubwa, nywele za mbele kabisa ziachwe nje, mshono wa kwanza ulegezwe, rasta zisiwe ndefu na nzito. Akisema msuko uliolegea hautadumu, mjibu kwamba hutaki udumu. Wiki sita hadi nane ndio mwisho, kisha nywele zikae wazi angalau wiki mbili. Usifunge fundo moja juu ya kichwa kwa rasta nzito, maana uzito wote unaning'inia panja. Mawigi ya gundi yanavuta na pia yanaunguza. Wigi la kuvaa na kuvua lina usalama zaidi, ukiweka kitambaa laini chini yake. Dredi nazo zisokotwe kwa mkono mwepesi, na zikirefuka mno kupunguza urefu ni matibabu pia.

Utosi unaoungua

Kuna ugonjwa unaowapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, mara nyingi kuanzia miaka ya thelathini. Huanza katikati ya utosi kama muwasho, maumivu madogo au hisia ya kuungua, pengine nywele zinazokatika mahali pale pale kila mara. Duara linapanuka taratibu kwenda nje, na ngozi inabaki laini inayong'aa kwa sababu mizizi imegeuka kovu. Zamani lawama zote zilitupiwa vitana vya moto. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wana hitilafu katika jeni ya PADI3, inayohusika na kuunda unywele. Kwa hiyo kama mama au shangazi yako ana upara wa utosini, angalia wako mapema.

Matibabu, ambayo ni steroidi ya kupaka au sindano pamoja na antibiotiki kama doksisaiklini, husimamisha ugonjwa. Hayafufui mizizi iliyokufa. Hakuna mafuta ya nywele yanayotibu hili, na mwezi unaopotea kuyajaribu haurudi.

Dawa, rangi na piko

Dawa ya kulainisha nywele ni alikali kali, iwe ile ya zamani au ile inayotangazwa kuwa laini. Usiiweke kwenye kichwa kinachowasha, chenye magamba au ulichokikwaruza siku tatu zilizopita. Ngozi ipakwe mafuta mazito kama kinga, dawa iwekwe kwenye nywele mpya zilizoota pekee, na ikianza kuunguza itolewe papo hapo. Ule usemi wa saluni kwamba ikiunguza ndiyo inashika umeacha makovu mengi. Usirudie kabla ya wiki nane, na siku ya dawa isiwe siku ya kusuka wala ya rangi.

Pwani tuna jambo letu. Piko jeusi linalochorwa mikononi kwa maharusi mara nyingi ni rangi ya nywele, yenye kemikali iitwayo PPD. Mwili unaweza kuikataa mara ya pili au ya tatu, na ukishaikataa haisahau. Mwanamke aliyetoka malengelenge kwa piko harusini Zanzibar au Mombasa, akipaka rangi nyeusi kichwani miaka kumi baadaye, anaweza kuamka kichwa kinawaka na macho yamevimba hayafunguki. Hina halisi, ile ya kahawia, haina tatizo hilo.

Zinapopukutika kichwa kizima

Nywele zinazotoka kwa wingi kila mahali, bila mabaka wala magamba, kwa kawaida hujibu jambo lililotokea miezi miwili au mitatu nyuma: kujifungua, homa kali, upasuaji, msiba, kupungua uzito haraka. Mizizi mingi ililala kwa pamoja na sasa inaachia kwa pamoja. Mama anayenyonyesha asiambiwe kwamba mtoto "anamla nywele". Ndani ya miezi sita hivi hali hutulia yenyewe, na nywele huongezeka kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ujazo unachukua muda kuonekana.

Ikizidi miezi sita, omba vipimo: wingi wa damu na akiba ya chuma, hasa kwa mwenye hedhi nzito, na tezi ya shingo (thairoidi). Ukiwa na mba kali iliyosambaa usoni na isiyosikia dawa, pima VVU. Ni moja ya dalili za mapema. Nywele zilizonyofoka kwa viraka visivyo na mpangilio, kama nguo iliyoliwa na nondo, zinaweza kuwa kaswende, na hiyo hupona kwa sindano.

Wanaume kwa kinyozi

Vipele vigumu vya kisogo vinavyogeuka makovu yaliyovimba hutokana na kunyoa karibu mno na ngozi na kusuguliwa na kola. Acha wembe, acha mstari wa kisogo unaochongwa kila wiki, mwambie kinyozi abakishe angalau milimita moja. Yakianza kukua, usiyakate. Daktari ana sindano na dawa za kupaka.

Upara wa kurithi hauwashi. Minoksidili ya asilimia 5 husaidia baadhi, ikipakwa kila siku kwa miezi minne au zaidi kabla ya kuona kitu, na ukiacha, kilichoota hudondoka.

Ya jikoni na ya mtaani

Maji ya uwatu, mwarobaini na mshubiri hayana ubaya mkubwa yakisuuzwa. Maji ya kitunguu yaliwahi kujaribiwa Baghdad, utafiti ukachapishwa 2002, kwa watu wachache wenye yale mabaka ya duara yaliyo nyororo. Kwa mba au panja hayana ushahidi, na harufu unaijua. Limau au ndimu kichwani halafu jua kali huunguza ngozi na kuacha madoa meusi. Mafuta ya taa, dawa ya kuulia wadudu na magadi visifike kichwani mwa mtu yeyote.

Ukienda hospitali

Nenda bila kusubiri kama kuna ngozi inayong'aa isiyo na vitundu, usaha, maumivu, homa, tezi zilizovimba shingoni, au kama wiki nne za shampuu sahihi hazijaleta nafuu. Madaktari wa ngozi ni wachache na wengi wako miji mikubwa, lakini tangu 1992 kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha matabibu wanaorudi kufanya kazi mikoani na katika nchi nyingine za Afrika. Hivyo uliza hospitali ya wilaya kama ina tabibu wa ngozi na siku gani ana kliniki, kabla hujapanda basi kwenda mbali.

Nenda umefumua, bila mafuta, bila wigi. Beba zile picha za simu, na chupa na tyubu zote ulizotumia hata kama unaona haya. Mtabibu akisema anahitaji kukata kipande kidogo cha ngozi akipime, hasa kwa tatizo la utosi, kubali: kidonda chake ni kidogo, na ndicho kipimo kitakachoonyesha kama mizizi bado ipo.